Waranti ya Mdomo

IST imetoka Japani mtumba, ikatumika tena Dar, na sasa inatafutiwa mnunuzi Vigwaza. Waranti haipo kwenye mkataba, ila dalali anaimwaga bure: "Namba D hii, bosi, injini haijaguswa, AC inapiga barafu. Ikisumbua nipigie." Muda wake unaisha siku atakapobadilisha laini.

TRA angalau haina maneno matamu. Gari dogo lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 linapoingia nchini, kwa hiyo uzee wake una risiti halali. Bima kubwa nayo hulipa likigongwa au likiibwa. Giaboksi ikijifia kwa uchovu, pole.

Pale mizani ya Vigwaza malori hupimwa uzito, gari dogo linapita zake. Lipimwe na nani? Na fundi wa chini ya mwembe, ambaye ujira wake ni mdogo kuliko soda za dalali. Anachomoa stiki ya oili, ananusa, anafungua rejeta injini ikiwa ya baridi: maji yana rangi ya chai ya maziwa.

"Chukua tu, mzee wangu," anasema akifuta mikono. "Ila usilizime."