Heri Mwalimu Aliyetoka Mbali

Watu wengi huamini kwamba mikasa ya mwalimu wa kigeni anayekuja kufanya kazi Kigoma hupimwa kwa umbali aliotoka: wa Kanada atataabika sana, wa Uganda kidogo, na wa Kongo hatataabika kabisa, maana huyo kavuka maji ya Ziwa Tanganyika tu. Mimi naona mambo yako kinyume. Wa Kanada hana taabu kubwa hapa. Akimwamkia mzee wa Ujiji kwa "mambo vipi", mzee atacheka, atamvutia kiti, na jioni kisa hicho kitasimuliwa barazani kama sifa ya mtaa. Anayetaabika ni mwalimu wa Kifaransa aliyetoka Uvira au Kalemie huko Kongo, au Bujumbura huko Burundi, aliyeshuka bandarini Kibirizi na begi moja, anayezungumza Kiswahili, aliyekula migebuka na mawese tangu hajaota meno. Kila anayemtazama anasema huyu yuko kwao, na yeye mwenyewe akijitazama anasema hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo hakuna anayemwonya jambo lolote, naye hamwulizi mtu.

Tuanze na saa, kwa kuwa ndiyo inayomfikisha ofisini kwa mkuu wa shule mapema kuliko kosa lingine lolote. Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma ya Tanzania kwa saa 1. Kila mtu analijua hilo akiulizwa, na kila mtu anaweza kulisahau akilala. Mwalimu ambaye saa yake ya mkononi bado inasoma majira ya Bujumbura anaamka, anaona saa kumi na mbili na nusu, nje jua ndio kwanza linapanda, anajipongeza kwa kuwahi. Shuleni usafi umekwisha, namba zimeshaitwa, wanafunzi wameshatoka mstarini, na mwalimu wa zamu amesimama getini na daftari lake. Ajabu ni kwamba jua lenyewe liko upande wa mgeni. Kigoma iko karibu kabisa na nyuzi 30 mashariki, mstari ambao majira ya Burundi yamepimwa kwao. Majira yetu yamepimwa kwa nyuzi 45, mstari unaopita Somalia na usioigusa Tanzania mahali popote. Ndiyo maana Kigoma jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi, na adhuhuri ya Ujiji huadhiniwa karibu na saa saba mchana, wakati wa Dar es Salaam wameshasali na wengine wameshakula. Mwalimu wetu akijitetea kwa jua atakuwa na hoja nzuri ya jiografia na barua ya onyo mkononi. Wa Kanada hapatwi na hayo. Yeye amevuka saa nyingi, mwili mzima unamkumbusha, saa nane za usiku yuko macho anahesabu mbu. Saa 1 haimkoseshi mtu usingizi, kwa hiyo haimkumbushi kitu.

Barabarani ni vilevile. Kongo na Burundi magari hupita kulia. Sisi tulirithishwa na Mwingereza kupita kushoto. Mwalimu anataka kwenda Ujiji, anasimama mtaa wa Mwanga upande ambao miguu yake imeuzoea, daladala inakuja, anapanda. Anateremka mlima huku akifurahia upepo, mpaka anapoliona mbele yake jengo la stesheni waliloliacha Wajerumani, na ng'ambo yake ziwa. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914 ikaishia hapo hapo, na safari yake nayo inaishia hapo. Angekuwa mzungu, konda angemwuliza anakoenda kabla hajakaa, na abiria watatu wangejibu kwa niaba yake, kila mmoja na jibu lake. Lakini huyu kapanda kama wengine, kasalimia kwa Kiswahili, kalipa nauli bila kubisha. Konda ana sababu gani ya kumshuku?

Mahali penye mikasa mingi zaidi, hata hivyo, ni ofisi ya walimu. Huko alikotoka, mtu mwenye adabu akiingia mahali asubuhi humzungukia kila mmoja na kumpa mkono. Basi anaanza mlangoni, anapita meza kwa meza, mpaka anamfikia mwalimu wa kike wa Ujiji, Mwislamu, asiyewapa mkono wanaume. Mkono unabaki hewani. Anaurudisha, anajikuna kichwa kana kwamba ndiyo ilikuwa safari yake tangu mwanzo. Kisha anamfikia mwalimu wa taaluma, mtu mzima wa umri wa baba yake, anamwinamia kwa heshima zote na kumwambia "jambo". Kwao ni salamu kamili. Hapa mtu wa umri ule anangoja shikamoo, na asipoipata hafikirii kwamba ng'ambo ya ziwa salamu hiyo haitumiki. Anafikiri kijana ana dharau. Wanafunzi nao wanasimama, "Shikamoo mwalimu!", naye anawajibu "asante sana", darasa zima linaangua kicheko. Kwa kosa hilo hilo wa Kanada angefundishwa kusema "marahaba" na mlinzi, mpishi na matroni, siku yake ya kwanza.

Najua kuna watakaosema natia chumvi, kwamba jirani ana faida zake. Anazo, nazikubali. Anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa taa hawatoki, kwa hiyo dagaa hupungua na bei hupanda. Mwalimu wa Dar es Salaam hujifunza hilo kwa kupigwa bei. Lakini ujuzi huo huo humponza. Anakwenda mwaloni Katonga anamweleza muuzaji bei inavyopaswa kuwa, kwa mifano ya Kalemie, na muuzaji, ambaye kwa wa Kanada angalau angeongeza kiganja kimoja kwa huruma, anafunika beseni lake.

Huruma kwa mgeni wa mbali ni desturi ya zamani hapa. Oktoba 1871 msafiri Livingstone alirudi Ujiji akiwa hoi, akakuta bidhaa zake zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa, kwa maelezo kwamba mwenyewe amekwisha kufa. Mfanyabiashara mmoja wa mji, Said bin Majid, akajitolea kuuza pembe zake za ndovu ili amsaidie, na hiyo ilikuwa kabla Stanley, aliyekuwa akimtafuta, hajafika na zulia na mabeseni yake. Nashuku kwamba angekuwa fundi wa Uvira aliyeibiwa vile, angeulizwa kwanza: sasa wewe ulimwachiaje mtu vitu vyako?

Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaosema Ujiji yenyewe imejengwa na waliovuka ziwa. Wamanyema, ambao asili yao ni Kongo, wamejaa hapa, vizazi na vizazi. Mji wa namna hiyo utamwonaje Mkongo kuwa mgeni? Nami nasema hapo ndipo penye mkaguzi mkali kuliko wote. Mtu ambaye babu yake alihangaika kujifunza adabu za Ujiji hawezi kumwona mwingine anazirukia tu. Mtu wa Kanada akikosea haiharibu sifa ya ukoo wa mtu. Mkongo akikosea, nusu ya mtaa inaona aibu kana kwamba ni shemeji yao.

Kuna pia walimu wa Kikongo katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako Wakongo wamekuwa wakiishi tangu 1996. Wao hawakuchagua kuja, na taabu zao si za kuchekea. Nawataja kwa sababu hali yao inaonyesha kitu. Wengi wao hufundisha kwa mtaala wa kwao, kwa lugha za shule za kwao, hivi kwamba kazini wako nyumbani na ng'ambo inaanza mlangoni pa darasa. Angalau wanajua mpaka uko wapi. Mwalimu wetu wa Kifaransa hana mlango wa namna hiyo.

Shule nyingi zinazoajiri watu wa mbali huwaandalia maelekezo: maji ya kunywa, chandarua, namna ya kusalimia. Ningependa wa Kalemie naye apewe ya kwake. Mkuu wa shule atapinga, atasema amwandikie nini mtu anayemshinda hata yeye kwa mawese. Mistari minne inatosha: sogeza saa mbele, vuka barabara usubiri gari upande ule mwingine, ngoja mwanamke anyooshe mkono kwanza, wakubwa wape shikamoo. Tatizo ni mwandishi, kwa kuwa wenyeji hawajui kwamba mambo hayo yanahitaji kusemwa. Itabidi kazi apewe mwalimu wa Kifaransa mwenyewe, akishamaliza mihula miwili. Ataikubali kwa moyo mmoja, ataiahirisha hadi likizo ya Desemba, na Januari atakuwa getini, mwalimu wa zamu, daftari mkononi, akimwuliza mgeni aliyeshuka juzi Kibirizi kama huko kwao hawana saa.