Sifa za Mchambuzi wa Misumari

Pwani yetu haina uhaba wa sifa. Mnazi umesifiwa kuanzia mizizi hadi makuti, dau limesifiwa, wali wa nazi umesifiwa mpaka ukakaribia kuona haya. Aliyesahaulika ni kijana asimamaye nyuma ya kaunta ya hadwea moja hapa Ukunda, kati ya ndoo ya misumari ya inchi nne na makopo ya rangi, akitoa maoni ambayo hakuna aliyeyauliza. Leo namlipa haki yake.

Tunamwita Mchambuzi. Jina lake la kwenye kitambulisho silitaji, kwa sababu baba yake aliniuzia saruji kwa mkopo na daftari halijafungwa. Ni Mhindi wa kuzaliwa hapa hapa. Kiswahili chake ni cha mtu aliyebebwa mgongoni na yaya wa Kidigo kisha akamaliziwa malezi na mashabiki wa Arsenal. Umri wake miaka 24. Maoni yake ni mengi kuliko misumari, na tofauti na misumari, hayapandi bei shilingi ikianguka. Fundi bomba akija kutaka elbo mbili za nusu inchi na tangit, ataondoka na elbo mbili, tangit, na sababu tatu za kwa nini Manchester United haiponi. Hizo sababu hazimo kwenye risiti.

Nasaba kwanza, kama ilivyo ada ya wasifiaji. Julai 2017 serikali iliwatangaza Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa kabila la 44. Miezi michache nyuma yake Wamakonde, ambao wengi wao wako Kwale tangu enzi za mashamba ya mkonge na miwa, walikuwa wametambuliwa kuwa la 43, baada ya kufunga safari ya miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016 kudai vitambulisho. Mchambuzi ana maoni juu ya hesabu hiyo. "Wao walitembea, sisi tuliletewa mlangoni. Basi lazima wawe mbele yetu kwenye foleni, Mungu hakosei." Mchonga vinyago mmoja wa Kimakonde, ambaye huja kununua msasa, alikuwapo siku hiyo. Tangu hapo humwita "mdogo wangu", na kila akitoa pesa humkumbusha: "Mdogo wangu, nipunguzie kumi, heshima ya ukubwa." Hupunguziwa tano.

Sasa fadhila zake. Mtaalamu wa televisheni huja amevaa tai, akaanza na "kwa upande mmoja", akaendelea na "kwa upande mwingine", na ukizima runinga umebaki katikati kama uliyesahauliwa kituoni. Mchambuzi hana upande wa pili. Akishakuwa na hoja ameimaliza, na mizani bado inacheza. Habari pia haimpiti. Misumari huifunga kwa magazeti ya zamani, na kabla hajakunja husoma kichwa cha habari, akakipinga. Nimemwona akimkaripia kocha aliyekwisha fukuzwa mwaka juzi. Karatasi ikakunjwa, ikafungwa, ikaenda Kinondo na kilo moja ya inchi tatu, na yule kocha akabaki hajatetewa na mtu.

Lakini kipaji chake kikubwa ni kukosea, na hapa naomba nisieleweke vibaya. Kukosea mara moja moja kila mtu anaweza. Dira inayoonyesha kaskazini siku njema na kusini siku mbaya itamzamisha nahodha. Dira inayoonyesha kusini kila siku, nahodha wa Shimoni ataitunza kama mboni ya jicho. Kazi yake ni kugeuza tu. Mchambuzi wetu ni dira ya namna hiyo. Hababaishi.

Chukua Desemba 2020. Tulikuwa na uchaguzi mdogo wa ubunge Msambweni, baada ya kufariki kwa mbunge Suleiman Dori. Omar Boga alisimama kwa tiketi ya ODM, chama cha chungwa. Feisal Bader alisimama bila chama, na nyuma yake alikuwapo William Ruto, wakati huo naibu wa rais. Mchambuzi, ambaye hata ndevu zilikuwa bado zinajiuliza, alikata shauri wiki mbili kabla: chungwa halishindwi Msambweni. Tarehe 15 watu wakapiga kura, Bader akashinda. Kesho yake asubuhi hadwea ilijaa wateja wasiohitaji hata msumari mmoja. Walikuja kumtazama usoni.

Hakujificha nyuma ya mabati. "Nilisema halishindwi," akajibu, huku anapanga kufuli kwenye rafu. "Sikusema halianguki. Chungwa ni tunda. Likiiva, linaanguka."

Nilikuwapo, na kuna jambo niliona ambalo sikulitarajia. Siku za kampeni watu wa mtaa mmoja walikuwa wamefikia kupishana barabarani bila salamu. Asubuhi ile wa chungwa na wa Bader walisimama kaunta moja wakimcheka mtu mmoja, na wa chungwa ndio waliocheka zaidi, maana walishapata wa kumtupia aibu yao. Yeye akaipokea kama anavyopokea noti iliyochakaa, akainyoosha, akaitia kwenye droo.

Kuhusu titani alikuwa na uhakika zaidi. Base Titanium walipokuwa wakichimba kule Maumba na Nguluku, na mchanga mzito unashuka kuelekea gati la Likoni, wenye wasiwasi walikuwa wakiuliza ajira zitakwenda wapi mgodi ukifungwa. Mchambuzi aliwacheka. Mchanga wa Kwale uishe? Nani amewahi kuona mchanga umeisha? Desemba 2024 uchimbaji ukasimama, kwa kuwa madini yenye faida yalikuwa yamekwisha. Alipoulizwa alitoa kidole nje ya mlango. "Mchanga si ule pale?"

La feri nalipitia haraka. Tangu njia ya Dongo Kundu iunganishe kusini na bara, yeye anashikilia kwamba Likoni imebaki ya watalii kupigia picha. Mara ya mwisho kunieleza hayo ilikuwa kwa simu. Nyuma ya sauti yake nilisikia honi ya feri, na mtu anauza njugu.

Mpira ndio bahari yake. Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalichezwa Kenya, Tanzania na Uganda, nasi tukapangwa kundi moja na Morocco. Mchambuzi akatangaza nne bila, na tushukuru zikiishia nne. Tarehe 10 Ryan Ogam akafunga, Kenya ikabaki na wachezaji kumi kabla ya mapumziko, na bado tukashinda moja bila. Hao Morocco ndio waliokuja kubeba kombe. Basi kijana akageuka mzalendo kwa siku moja, na hapo ndipo msiba ulipoanza. Robo fainali tulipewa Madagascar. "Madagascar? Hao si wa ile katuni ya simba anayecheza dansi?" Akatugawia ushindi wa mabao matatu. Tarehe 22, Kasarani, moja kwa moja, penalti, nne kwa tatu. Tukatolewa.

Tangu usiku ule wazee wa kijiwe cha kahawa wamebadili mbinu. Harambee Stars ikikaribia kucheza, mmoja wao huvuka barabara na kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata, akakiweka juu ya kaunta kwa adabu kama anayepeleka posa.

"Mwanangu, sema tutafungwa."

"Shikamoo mzee. Siwezi. Mimi mzalendo."

"Marahaba. Uzalendo wako ndio unaotumaliza. Sema tu, moyoni tunajua humaanishi."

Anakula kashata, anakunywa kahawa, halafu anasema tutashinda. Watu wanaomba dua kwa bidii zaidi, ambalo nalo ni jema alilotuletea.

Wenye roho mbaya humuuliza swali ambalo Mhindi wa Kenya huulizwa tangu kriketi iumbwe: India ikicheza na Kenya, wewe uko wapi? Wanamaanisha ile nusu fainali ya Kombe la Dunia, Durban, tarehe 20 Machi 2003, ambapo India ilitushinda kwa mikimbio 91. "Nilikuwa na miaka miwili," hujibu. "Nilikuwa nashabikia titi." Kisha, bila kuombwa, atakueleza mechi ya siku tano kabla yake, Kenya na Australia uwanja huo huo, Asif Karim wa Mombasa, mtu aliyekwisha staafu akaitwa arudi, akawatoa Waaustralia watatu kwa mikimbio saba tu. Hilo, kwa ajabu, analisimulia sawasawa, tarakimu zote mahali pake. Nilikwenda kuhakikisha nikamkuta hajakosea, na nikiri nilivunjika moyo kidogo.

Haki yangu nilirudishiwa alipofika kwenye mpira wa miguu. Mwaka 2022 FIFA ilizifungia Kenya na India zote mbili, kila moja kwa kuwaingiza watu wa nje kwenye uendeshaji wa mpira wake. India ilifungiwa Agosti, ikafunguliwa baada ya siku 11. Sisi tuliingia Februari tukatoka Novemba. Mtu mwingine angeona fedheha mbili. Mchambuzi aliona mechi. "Miezi tisa kwa siku kumi na moja," akasema, akipiga kaunta kwa kiganja. "Hata kufungiwa tumewafunga."

Nikifika kwenye ucheshi wake, kalamu inasita, si kwa kukosa la kusema bali kwa sababu kichekesho ni kimoja. Mteja akiomba misumari ya paa, humjibu: "Paa hana misumari, ana pembe. Kaulize Shimba Hills." Kicheko hutangulia, kichekesho hufuata nyuma kikiwa kimechoka. Nimekisikia miaka minne. Fundi wa makuti na fundi wa mabati wamekisikia. Wazungu wa Diani wamekisikia kwa Kiingereza, ambako hakina maana yoyote, na wakacheka kwa heshima.

Mwaka jana upepo wa kusi ulimng'olea bibi mmoja wa Mwabungo mabati mawili ya jikoni. Alikuja na mvua kwenye buibui, kandambili zimejaa tope, akasimama kaunta anatweta.

"Nataka misumari ya paa, baba."

Kijana akavuta pumzi, tabasamu limeshaanza kufunguka.

"Ana pembe," bibi akasema. "Najua. Nipe robo kilo, wali wangu unanyeshewa."

Sijawahi kumwona Mchambuzi amenyamaza muda mrefu hivyo. Alichota misumari, akapima, mshale wa mizani ukapita robo, naye hakurudisha hata mmoja kwenye ndoo. Akachukua karatasi, akaifunga mara mbili isilowane, na kwa mara ya kwanza hakusoma gazeti. Baba yake, aliyeketi nyuma na daftari la madeni, akainua macho. Huyo mzee ndiye mtu pekee Ukunda nzima asiyemsikiliza mwanawe; maneno yake mwenyewe ni bei tu, na sentensi moja anayoirudia mara mbili kwa siku: "Unauza misumari au unauza redio?" Siku hiyo hata sentensi hiyo hakuisema. Bibi alipokwisha toka, kijana akanigeukia.

"Mwalimu, huyu mama ana kipaji."

Upo upande mmoja wa sifa zake ambao watu wa kijiwe hawauoni. Maoni ya mtu mzima ni kama jiwe la msingi. Akishalitia chini, atalilinda hadi kaburini, na wanawe watalirithi pamoja na ugomvi wake. Ya Mchambuzi ni ya kukodi. Asubuhi yuko huku, alasiri yuko kule, na ukimkumbusha ya asubuhi anakushukuru kwa kuyatunza. Nimebishana naye juu ya bajeti, juu ya VAR, juu ya kama pweza wa Gazi ni mtamu kuliko wa Wasini, na sijawahi kutoka pale na kinyongo. Nimetoka na misumari nisiyoihitaji. Nyumbani nina makopo matatu yake, na mke wangu ameshaanza kuuliza ninajenga wapi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kama saba hivi, jua linakaribia kutua, mlango wa chuma umeshushwa nusu. Mazungumzo yakaangukia mashindano ya AFCON ya 2027, ambayo Kenya itayaandaa na majirani wetu wale wale wa Tanzania na Uganda. Ghafla kukawa kimya. Wote tulimwona Mchambuzi amefuta mikono kwenye suruali, ameegemea kaunta, ametazama juu kwenye feni kama anayesomewa jambo.

"Mimi ninavyoona, 2027..."

Mzee wa kahawa alikuwa wa kwanza kufika. Akaweka noti ya mia mbili juu ya kaunta, akaifunika kwa kiganja chake kizima.

"Hiyo ya misumari, mwanangu. Chenji baki nayo. La 2027 usilitamke."

Kijana akaitazama noti. Akamtazama baba yake, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amefunga daftari na anasikiliza. Akaichukua taratibu, akaitia kwenye droo, akaisukuma droo kwa tumbo. Kisha akasema.