Mtunzi na Majina Yake
Kiaislandi humwita mtunzi wa muziki tónskáld, yaani mshairi wa sauti, heshima inayoweza kumfariji malipo yakichelewa, ilhali Kihungaria humwita zeneszerző, jina linalotokana na kitenzi cha kupata, kana kwamba muziki ulikuwepo tayari naye akaupata tu mahali, dhana ambayo baadhi ya wasanii wa leo wameithibitisha kwa vitendo. Kiarabu ndicho chenye makali zaidi, kwa kuwa mulahhin ni mwenye kutia lahn, na lahn ni mahadhi, lakini pia ni kosa la sarufi. Waswahili wamechagua mtunzi, kutokana na kutunga, kitenzi kinachohudumia shanga, mimba na usaha wa jipu. Kilichotungwa ni kipi, msikilizaji wa redio ndiye ajuaye.