Pongezi kwa maendeleo tuliyowalipia

Kwa Wizara ya Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Kinshasa
Yahusu: ripoti ya mwaka ya maendeleo

Waheshimiwa,

Hotuba ya kufungua mwaka wa masomo tumeisikia. Ilikuwa na vipande vyake vinne vya siku zote: wanafunzi wameongezeka, masomo yameongezeka, fedha zimeongezeka, majengo yameongezeka. Sisi wazazi tuliosimama kule nyuma tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nani hapendi mali yake isifiwe mbele ya watu?

Nawaandikia kutoka Bulengera, hapa Butembo, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka meza zenu. Siandiki kulalamika. Anayelalamika huambiwa angoje jibu, nami sina muda huo, mwanangu ana mtihani.

Nianze na idadi ya wanafunzi, maana hapo mmefanya muujiza. Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, na Goma yenyewe ikafuata Januari 2025. Kijana wa Lubero aliyekuwa akipanda gari kwenda kusoma Goma sasa hana njia, hivyo anageuka na kuja kaskazini. Kutoka vijiji vya Beni nako wanakuja waliokimbia mapanga. Sijui wizara nyingine iliyopata wanafunzi wapya kwa tangazo dogo namna hii. Vita imefanya kazi yote ya ofisi ya uandikishaji, na haijawadai hata mshahara. Chuo Kikuu cha Serikali cha Ruwenzori, UOR, ambacho kabla ya mwaka 2010 kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Goma, leo kimetengwa na mama yake kwa mstari wa mapigano. Mtoto kama huyo nchi nyingine ingemwita yatima. Ninyi mnamwita taasisi inayojitegemea.

Kuhusu masomo nitapita haraka, kwa kuwa nanyi mlipita haraka. Mfumo wa LMD (leseni, masters, udaktari) mliueneza nchi nzima kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Zamani mtoto alisoma miaka mitatu ya graduat na miwili ya leseni. Sasa leseni ni miaka mitatu tu. Kwa sahihi moja mkampunguzia mzazi miaka miwili! Baraka hiyo nisingeitia doa kwa kukumbusha kwamba mwaka wetu wa masomo hauna desturi ya kwisha ndani ya miezi 12, au kwamba kitabu kilichokosekana kwenye maktaba ya graduat kinakosekana vilevile kwenye maktaba ya LMD.

Kwenye fedha niruhusuni nikae, kwani ndipo ufundi wenu unapong'aa. Kwingine serikali ikitaka chuo hutafuta pesa kwanza, halafu walimu, halafu kiwanja, na karatasi huja mwisho. Ninyi mmegundua kwamba karatasi peke yake inatosha. Waziri anatia sahihi, muhuri unagongwa, chuo kimezaliwa. Yaliyobaki ni mambo madogo kama vile matofali, viti, maabara na chakula cha mwalimu, na hayo mnatuachia sisi wadogo.

Tazameni mhadhiri msaidizi wa huku. Ana barua ya kuteuliwa, ana nambari ya utumishi, anafundisha tangu asubuhi hadi chaki imwishie mkononi. Ila jina lake halijaingia kwenye orodha ya mishahara. Sisi tunasema hajamekanizwa, na mtu anaweza kukaa miaka katika hali hiyo, akaoa, akapata watoto, akaanza kuota mvi. Anayemlisha ni mwanafunzi, kupitia minervali, yaani ada ya masomo, katika kile tunachokiita prime. Kwa maneno mengine mwanangu ndiye mwajiri wa mwalimu wake, na bado anatetemeka asimfelishe.

Wenye umri wangu tunakumbuka biashara hii ilipoanzia. Baada ya migomo ya walimu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi nchi nzima tulianza kuchanga ili shule zifunguke. Tulidhani ni msaada wa muhula mmoja. Mwaka 2019 mkatutangazia elimu ya msingi bila malipo, tukashukuru sana. Mtoto huyohuyo akikua, neno la bure linamsindikiza hadi geti la shule ya msingi na kumuaga hapo.

Minervali yenyewe hupangwa kwa dola na kulipwa kwa franka kwa bei ya siku. Franka ikishuka, maendeleo yenu ya kifedha yanapanda siku hiyohiyo bila mtu kutoka jasho. Januari 2020 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, UNIKIN, waliandamana kupinga ada kupandishwa, wakaamriwa kuhama mabweni. Huku wengi wanalala kwa shangazi zao, na shangazi wa Butembo kumhamisha ni kazi ya kikosi kizima.

Upande wa Beni minervali hutoka kwenye kakao. Tangu mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014, kwenda shambani ni uamuzi ambao mtu huufikiria usiku kucha. Baba anapima: aende akavune na huenda akutane na waasi wa ADF, au abaki mjini na binti yake asiingie mtihani. Wengine huenda. Wapo ambao hawakurudi. Katika ripoti zenu pesa za namna hii huandikwa kwenye mstari uitwao "mapato ya ndani", na mwaka huu, mmesema, mstari huo umefanya vizuri.

Yupo pia profesa mgeni. Anatoka Kisangani au Kinshasa, anatua uwanja wa ndege wa Mavivi, anamwaga somo la saa 60 kwa juma moja, kisha anarudi uwanjani kabla tope la Beni halijakauka kwenye viatu vyake. Simlaumu, ana familia na vyuo vingine vinavyomngoja. Nauliza tu kwa nini tiketi yake, chumba chake na samaki wake vitoke kwa mama anayeuza maharage sokoni, wakati malori yanayopita mpakani Kasindi yanalipa ushuru kila siku na pesa hizo zinafika Kinshasa bila kupotea njia. Kifungu cha 175 cha Katiba ya 2006 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa mkoani ibaki mkoani, ikatwe papo hapo. Nadhani wakataji bado wanatafuta kisu.

Msije mkadhani ni umbali unaozuia. Ebola ilipotangazwa kwetu Agosti 2018, tuliona magari mapya yakijaa mji ndani ya majuma machache. Pesa ikitaka kusafiri, Butembo iko karibu sana. Ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 2,200 hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2020, na miongoni mwa waliokufa wakipambana nao ni daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliyepigwa risasi na washambuliaji Aprili 2019 katika kliniki za Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben.

Nimekitaja Graben, kwa hiyo nikamilishe. Mwaka 1971 Mobutu aliviunganisha vyuo vikuu vyote vitatu vya nchi kuwa kimoja, UNAZA, akakivunja tena mwaka 1981. Mwaka 1989 askofu wetu Emmanuel Kataliko, aliyekwisha kuwazoesha watu kulima barabara kwa salongo, yaani kazi ya pamoja, alianzisha Graben bila kungoja msafara kutoka Kinshasa. Watu wakachanga. Hicho huitwa chuo cha binafsi. UOR, ambacho nacho wazazi wanakilipia, huitwa chuo cha serikali. Tofauti nimeitafuta kwa bidii, na hadi sasa nimeipata kwenye kibao cha getini.

Wala si chuo tu tunachojiendeshea wenyewe. Desemba 2018 Kinshasa ilituambia watu wa Beni na Butembo hatuwezi kupiga kura, kwa sababu ya Ebola na usalama, tungoje Machi 2019. Rais akaapishwa Januari. Siku ya uchaguzi, Desemba ileile, watu wa Beni walipanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura zao za kuigiza ili muone kwamba inawezekana. Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walilala kwenye kiwanja cha ofisi ya meya wakidai amani. Mei tukaletewa gavana wa kijeshi. Tumeshakuwa mafundi wa kuendesha dola bila dola. Kinachotushinda ni kimoja, kujiandikia hotuba nzuri kama zenu.

Majengo nayo yapo, siwezi kukana. Nilikuwa mmoja wa waliobeba mawe.

Sasa ombi. Kwenye vyuo vya huku kuna sheria ambayo haina huruma hata kwa yatima: asiyelipa hafanyi mtihani. Mlangoni anasimama kijana mwenye orodha, na usipoonyesha karatasi ya benki, hata kama umekariri somo zima, unakaa nje chini ya mparachichi. Naomba sheria hiyo iwahusu na ninyi. Mwakani, kabla ya kupanda jukwaani kusoma maendeleo ya wanafunzi, masomo, fedha na majengo, mwonyesheni kijana yule karatasi ya benki ya wizara: mishahara ya waliosubiri, fedha za uendeshaji, na hiyo asilimia 40. Tunakubali mlipe kwa awamu. Bei ni ya dola, kwa kiwango cha siku. Mkichelewa kuna faini, kiasi chake mnakijua kuliko mimi.

Wenu katika kulipa,
Mzazi mmoja wa Bulengera

Nakala:
Kwa Gavana wa Mkoa wa Kivu ya Kaskazini, Beni, kwa taarifa.
Kwa wabunge wetu, watakapokuja kuomba kura.
Kwa fundi wa jenereta, naye anadai.
Kwa mama wa fotokopi mbele ya geti, mwenye syllabus zote za miaka kumi iliyopita na ambaye kwa hiyo ndiye maktaba: atoe kopi nyingine ishirini, nitalipa Jumamosi.