Maji Hayangoji Mgeni wa Heshima

Ukitaka kumpima mwandalizi wa sherehe ya bahari, tazama ameelekeza viti wapi. Katika sherehe ya urithi wa bahari niliyopeleka jamaa zangu hapa Mombasa (waandalizi nawastiri, nao ni watoto wa watu) viti vilipangwa safu kwa safu chini ya mahema meupe, na vyote vilitazama jukwaa. Bahari, mwenye shughuli, ilipewa kisogo.

Sherehe za namna hii si ngeni pwani. Lamu wana tamasha lao la utamaduni, ambapo mashua hushindana na punda hushindana, na punda ndio wanaoleta ubishi mkubwa barazani. Zanzibar wana Tamasha la Nchi za Jahazi tangu 1998, ingawa siku hizi filamu zimeyapita matanga kwa wingi. Mombasa ina bandari mbili katika kisiwa kimoja, ya kale upande wa Mji wa Kale na ya Kilindini upande wa pili. Tungekubalije kuachwa nyuma? Kadi ya mwaliko ilisema: saa tatu asubuhi, mashindano ya ngalawa, michezo ya watoto, maonyesho ya mabaharia, biriani. Neno la mwisho ndilo lililotutoa nyumbani.

Msafara wangu haukuwa mwepesi. Kulikuwa na mke wangu na watoto wetu wawili. Kulikuwa na mama mkwe, mzaliwa wa Machakos, anayeiheshimu bahari kwa mbali. Feri ya Likoni huivuka macho ameyafumba na midomo ikisoma Zaburi, na tukifika ng'ambo huuliza kama tumeshaondoka. Halafu kulikuwa na Mjomba.

Mjomba alifanya kazi Kilindini tangu enzi ya magunia mgongoni hadi kontena zilipoingia zikawapumzisha wengi bila wao kuomba mapumziko. Babake, yaani babu yangu mzaa mama, alikuwa kuli, na katika mgomo wa 1955, ule ambao Tom Mboya aliingia kati kuusuluhisha, naye aliweka mzigo chini. Kwa nasaba hiyo Mjomba huamini kwamba hakuna mwenye haki ya kuzungumzia bahari mbele yake bila kumpigia hodi.

Mshereheshaji hakupiga hodi. Alishika kipaza sauti, akanyoosha mkono kwenye Ngome, akanguruma: "Hii mnayoiona ilijengwa na Vasco da Gama!" Watu wakapiga makofi. Mjomba akasimama. Kwa sauti isiyohitaji spika alieleza kwamba Vasco alifika Mombasa Aprili 1498, akaona hatakiwi, akashika njia ya Malindi. Akafa 1524. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. "Basi kama ni Vasco aliyejenga," akamalizia, "alijenga akiwa na miaka sitini na tisa kaburini, nami namtaka huyo fundi wake, nina ukuta nyumbani umenishinda." Mshereheshaji akaomba muziki.

Saa tatu ilipita. Saa nne ikapita. Tukaambiwa mgeni wa heshima yuko njiani, habari ambayo katika nchi hii haimaanishi kwamba ameshaamka. Tukawapeleka watoto vibandani.

Binti yangu alisimama mbele ya picha ya Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Wareno iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697, wakati Waomani walipokuwa wameizingira. Kijana aliyekuwa akieleza alikuwa hodari. Alisimulia jinsi mzingiro ulivyoanza 1696 ukaisha 1698 Ngome ikiwa mikononi mwa Waomani, na jinsi wapiga mbizi walivyoichunguza meli hiyo miaka ya 1970, wakatoa vyombo na vifaa vingi na kuuacha mwili wake palepale chini. Akauliza kama kuna swali. Binti yangu akainua mkono: "Abiria walirudishiwa nauli?" Kijana akatazama karatasi yake mbele na nyuma. Mama mkwe alikuwa na swali jingine: "Ilizama hapa hapa?" Alipojibiwa ndiyo, alirudi hemani akavuta kiti chake nyuma safu mbili.

Kaka mtu alikuwa kwenye kibanda cha mafundo. Baharia mmoja mpole alikuwa akifundisha watoto kufunga kamba: fundo la nanga, la tanga, na jingine ambalo, alisema, kadiri unavyolivuta ndivyo linavyokaza. Mwanangu, ambaye shuleni hajapata kushika somo hata moja kwa mara ya kwanza, hilo alilishika. Akaja hemani kimyakimya kutafuta pa kufanyia mazoezi, akaona ncha ya leso ya bibi yake, na mbele ya bibi akaona kiti cha wageni mashuhuri kilichovishwa kitambaa na utepe.

Tulikuwa tukila. Biriani, tuliambiwa, ilikuwa imehesabiwa kwa ajili ya msafara wa mgeni, kwa hiyo tulinunua viazi karai na mishkaki kando ya barabara. Mjomba alikuwa amenyanyua mshikaki wake akiutumia kuonyesha mkondo wa maji unapopita, kunguru akashuka akauchukua wote, kijiti na nyama. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mjomba hakucheka. Alisema kunguru hawa si wa kwetu asilia, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, kisha wakaenea pwani nzima. "Huyo naye ni urithi wa bahari," alisema akitazama juu ya paa la hema. "Angalau yeye keshakula biriani ya watu."

Saa sita na nusu ving'ora vikalia na wimbo wa taifa ukapigwa. Watu wote wakasimama wima, na mama mkwe, mzalendo kwelikweli, akawa wa kwanza. Leso ikamfuata, kiti cha mgeni mashuhuri kikaifuata leso, na kwa kuwa viti vya safu ile vilikuwa vimeunganishwa kwa utepe mmoja wa heshima, vikafuatana vyote kwa nidhamu ya gwaride. Hakuna aliyethubutu kusogea kwa sababu wimbo ulikuwa bado. Tulisimama tumekaza shingo, mama mkwe akiwa amevutwa kiunoni na safu nzima ya serikali. Wimbo ulipoisha, ilibidi baharia mwenyewe aitwe alifungue lile fundo. Alilitazama kwa muda, akamshika mwanangu bega, akasema: "Huyu nipeni mimi."

Nalo jambo kubwa la siku lilikuwa likitendeka nyuma ya migongo yetu.

Ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu, na bamvua lilikuwa lingali na nguvu. Kwetu maji ya bamvua hayapwi kwa aibu. Tofauti ya kujaa na kupwa huweza kufika mita tatu na zaidi, na mahali ulipoogelea asubuhi adhuhuri utapita na viatu. Tena kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika hamsini, kwa hiyo ratiba ya juzi haikufai leo. Siku hiyo yalikuwa yamejaa kwenye saa kumi na mbili alfajiri. Saa tatu, wakati uliotajwa kwenye kadi, yalikuwa yanatoka lakini yangalitosha ngalawa kuondoka. Manahodha walijua. Mzee mmoja alikwenda mara kadhaa kwa vijana wenye vitambulisho shingoni kuwaambia, "Wanangu, maji yatoka." Walimjibu kwa adabu: "Sawa mzee, tunangoja mgeni."

Mgeni alifika maji yalipokwisha kabisa. Alihutubu vizuri. Alisema bahari ni uchumi, bahari ni utamaduni, bahari ni mustakabali wa vijana wetu. Nyuma yetu ngalawa zote za mashindano zilikuwa zimelala ubavu kwenye matope, milingoti imeinama kila mmoja upande wake, na watoto wakiokota kaa chini ya matanga. Kisha akaombwa afungue mashindano rasmi. Akapuliza filimbi. Ngalawa hazikuondoka. Akapuliza tena, kwa mamlaka zaidi. Kaa mmoja ndiye aliyekimbia.

Mshereheshaji akatangaza kwamba mashindano yamezinduliwa kwa mafanikio makubwa. Picha zikapigwa. Saa nane msafara ukaondoka na biriani yake, na mahema yakaanza kukunjwa.

Sisi tulibaki kwa sababu Mjomba alikataa kuondoka. Manahodha nao walibaki, wakakaa kivulini wakinywa kahawa, hawana haraka wala kinyongo. Maji yakaanza kurudi. Kwenye saa kumi ngalawa zikainuka moja moja, kamba zikakazwa, na bila kipaza sauti wala filimbi wakakubaliana wenyewe kwa kupungiana mikono. Wakaondoka. Upepo ulikuwa mzuri, matanga yakajaa, wakapiga bishi mbele ya Ngome huku wakitukanana kwa utani ambao mke wangu aliwaziba watoto masikio wasiusikie. Wachuuzi waliacha biashara zao. Binti yangu alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mama mkwe, niliona kwa macho yangu, alikuwa amesogea mpaka ukingoni, amechagua ngalawa yake na anaishangilia kwa Kikamba. Ilishika mkia, lakini yeye hadi leo hudai ilidhulumiwa.

Jioni tukapitia bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, kula mihogo, na meli ya kontena ikawa inaingia Kilindini. Wasioifahamu Mombasa hawajui meli hizi hupita karibu kiasi gani. Unaweza kusoma maandishi ubavuni, huku feri za Likoni zikisubiri ipite. Mjomba akawaeleza watoto jinsi rubani wa bandari anavyopanda meli ikiwa bado nje ili aiongoze mlangoni, na jinsi babake na wenzake walivyokuwa wakiteremsha shehena gunia baada ya gunia, siku baada ya siku, meli moja. Watoto hawakuuliza nauli. Nikakumbuka kwamba katika hotuba zote za siku ile, kuli hakutajwa hata mara moja, wala baharia, wala fundi wa kuunda mashua. Vasco alitajwa mara nne.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaopanga sherehe ijayo, na sisemi kwa hasira, maana tulistarehe kuliko tulivyotarajia. Mwekeni nahodha mmoja kwenye kamati, mzee wa kuli mmoja jukwaani, na jedwali la maji kupwa na kujaa ukutani kabla hamjachapisha kadi. Geuzeni viti vitazame bahari. Na mgeni wa heshima akichelewa, anzeni bila yeye, atakuta matanga yako mbali na ataelewa. Biriani pikeni ya kutosha, maana kunguru hawahitaji mwaliko.