Mwongozo wa Kulea Mtoto Atakayemrahisishia Tapeli Kazi

Mzazi anayetaka akaunti za nyumba yake zihame bila vurugu aanze mapema, mtoto akiwa darasa la pili au la tatu: umri wa kujua kusoma namba na kutojua kubisha.

Kwanza mfanye karani wa meseji. Uko jikoni, mikono imejaa unga wa chapati, simu inaita meseji sebuleni. Usiende. Paza sauti hukohuko: "Hebu nisomee, imeingia namba gani?" Mtoto mwenye bidii atasoma yote, kuanzia jina la benki mpaka pale wanaposema usimpe mtu yeyote namba hii. Hapo mkatize. "Soma namba tu, hayo mengine achana nayo." Akikatizwa mara kadhaa atazoea kwamba onyo ni pambo la meseji, na kwamba namba husomewa yeyote anayeiulizia. Majirani nao watafaidi, kama madirisha yako wazi.

Mafunzo kwa vitendo yafanyike kwa wakala. Namba ya siri iandike kwenye kikaratasi, kitie ndani ya kava la simu, mtume mtoto akatoe elfu 20. Akiambiwa "lete nikubonyezee", atoe vyote kwa mikono miwili. Na kama tarakimu zenyewe ni mwaka wake wa kuzaliwa, hata kikaratasi cha nini?

Watatokea watu wa kukushauri kuhusu uthibitishaji wa hatua mbili. WhatsApp wanao kwa watumiaji wote tangu 2017: unachagua tarakimu 6 za siri, na mtu akitaka kusajili namba yako kwenye simu nyingine, anadaiwa hizo pia. Achana nao. Bila hizo, safari ya tapeli ni fupi. Anaandika namba yako kwenye simu yake, meseji ya uthibitisho inakuja kwako, kisha anakuandikia kupitia akaunti ya mtu unayemjua, aliyeporwa jana: "Samahani, namba zangu zimekuja kwako kwa bahati mbaya, nirushie." Simu wakati huo anayo mtoto, anacheza gemu. Mtoto aliyelelewa vizuri atazirusha na kuongeza shikamoo.

Na kwa kweli hapa malezi yetu yanamfaa tapeli kuliko kifaa chochote alichonacho. Tumewafundisha watoto kwamba mtu mzima hakataliwi, haulizwi "wewe nani", wala hakatiwi simu. Usilegeze kamba. Mtoto akisema "ngoja nimuulize mama", mkemee, huo ni ujeuri. Wako wazazi wa ajabu wanaowaomba watoto wao namba za uthibitisho makusudi, kuwajaribu, na mtoto akiwanyima wanampongeza. Mtoto wa namna hiyo kesho atamnyima mjomba wake, na kesho kutwa atamnyima mtu wa kwenye simu anayejiita mjomba wake.

Daimondi za bure za gemu la Free Fire, zile zinazotaka kwanza barua pepe na nenosiri, mwachie agundue mwenyewe. Hilo halihitaji mwalimu.

Programu kama Google Authenticator usimwonyeshe. Inatengeneza namba mpya kila sekunde 30 ndani ya simu yenyewe, hata bando likiisha, kwa hiyo aliyeiba laini yako kwa kuisajili upya haambulii kitu. Google pia hutoa namba 10 za akiba, kila moja ya kutumika mara moja. Wenye hofu huziandika kwenye karatasi na kuziweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Wewe zipige picha, uzitunze kwenye simu ileile, ikiibiwa viondoke pamoja.

Namba 15040, ambako Watanzania hupeleka taarifa za meseji za kitapeli, mtoto asiijue.

Siku akaunti yako ya WhatsApp itakapochukuliwa, shangazi ataombwa laki moja ya dharura. Jina litakalotokea kabla hajathibitisha halitakuwa lako, lakini ameshaambiwa ni la wakala. Wewe ukisajili upya namba yako utamtoa tapeli. Ila kwa kuwa hukuweka tarakimu za hatua ya pili, yeye atakuwa ameweka zake, na utasubiri nje siku 7. Siku hizo mtoto asikae bila gemu. Mpe simu ya baba yake.