Barua ya Wazi kwa Bodi ya Shule

Mwenyekiti,
Bodi ya Shule,
Dar es Salaam.

YAH: PONGEZI KWA KUTOKOMEZA MBIO NA MICHEZO SHULENI

Tafadhali husika na somo la hapo juu.

Sisi wazazi tumepokea kwa furaha tangazo lenu kwamba kipande cha uwanja kilichobaki kitamwagwa zege, tupate maegesho na fremu za maduka. Uwanja ule ulikuwa na vumbi, na vumbi lina uadui na soksi nyeupe. Baya zaidi, watoto walikuwa wakikimbia humo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 kwa siku za kujishughulisha hadi moyo uende mbio. Heri halijaiona ratiba yenu. Basi linamzoa mwanangu kabla hakujapambazuka na kumrudisha magharibi. Katikati ya safari hizo amekaa: darasani, kantini, darasani tena, kwa kuwa kipindi cha michezo kimetwaliwa na Hisabati hadi mtihani wa darasa la nne upite. Akifika nyumbani anakaa tena, afanye maswali ya kesho.

Atakayedai kwamba hamuwachezeshi watoto viungo atakuwa mzushi. Mchelewaji huruka kichura kutoka getini hadi mlingotini. Mpiga kelele hupiga pushapu. Na siku ya kufunga shule, aliyeongoza darasa aliitwa mbele, akakabidhiwa soda ya baridi na paketi ya biskuti, nasi tukapiga makofi. Mtoto mwenye akili hujumlisha mwenyewe: jasho ni la wakosaji, sukari ni ya washindi. Somo hilo halina kitabu wala mtihani, na hakuna anayelifeli.

Kwa kuwa mnaipenda Hisabati, tuipigie soda hiyo hesabu. Chupa ya mililita 350 hubeba gramu 35 hivi za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika lile lile linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Mshindi wetu alikaribia kumaliza mgawo wake kabla hajashuka jukwaani, biskuti zikiwa bado kwenye paketi.

Hongereni pia kwa kumtimua mama wa machungwa getini "kwa sababu za kiafya". Alikuwa akiyamenya kwa kisu kidogo, anabakiza ile ngozi nyeupe, anayapanga kwenye sinia kando ya karanga na muhogo wa kuchemsha. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na katuni kwenye karatasi. Kantini, ambayo inawalipa kodi ya pango, ina chipsi zinazoogelea kwenye mafuta ya tangu juzi, soseji, na juisi ya unga yenye picha ya embe. Picha inatosha, embe lenyewe lina nyuzi, linanasa menoni.

Mwaka 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye kiribatumbo sasa ni wengi kuliko wenye uzito pungufu, isipokuwa Asia Kusini na Afrika kusini mwa Sahara. Yaani sisi bado tumeachwa nyuma. Nashukuru kwamba kuna bodi iliyoona aibu hiyo na kuanza kuifanyia kazi.

Ili kasi isipungue, napendekeza atakayekutwa akicheza rede au kombolela atozwe faini, na iwekwe lifti ya kwenda ghorofa ya kwanza.

Bodi ikiona gharama ni kubwa, ipo njia ya bei nafuu. Kipande cha uwanja kiachwe. Mama wa machungwa arudi, apewe ndoo ya maji ya kunawia. Mshindi azawadiwe mpira. Na mkosaji apewe adhabu kali kuliko zote: akae kitako pembeni, awatazame wenzake wakicheza. Kasoro ya mpango huu naijua: hauna kodi ya pango.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, darasa la nne.

Nakala: Mama wa machungwa, ng'ambo ya barabara.